Futa Zote

Mwalimu wa darasa la pili aliitwa Kengele, na jina hilo hakupewa kwa sababu nyingine ila koo lake. Shule ilikuwa na kengele yake ya chuma, kipande cha ringi ya lori kilichoning'inizwa nje ya ofisi, lakini kilikuwa kimeota kutu kwa kukosa kazi. Mwalimu akisimama barazani akasema "Ndaniii!", watoto waliingia, mbuzi wa jirani waliingia, na siku moja hata fundi bomba aliyekuwa anapita zake njiani aliingia, akaketi dawati la nyuma akingoja kuambiwa kosa lake.

Sasa mtu kama huyo umwambie anyamaze.

Daktari alimmulika kooni akaona nyuzi za sauti zimeota vinundu. Dawa yake ya kwanza, akasema, ni kimya. Si kupunguza. Kimya. "Hata kunong'ona sitaki. Kunong'ona ndiko kuzikwangua zaidi. Nakupa wiki hii moja upange mambo yako, halafu muhula mzima usitoe neno. Baada ya hapo tutatazama." Mwalimu akafungua mdomo kuuliza kama sauti itarudi, na daktari akaanza kupanga vyuma vyake kwenye trei kama mtu asiyetaka kuulizwa.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kusahihisha sarufi za watu hata msibani. Alisikitika kweli. Lakini shule ni shule. "Darasa ambalo mwalimu hasemi ni chumba chenye watoto," alisema. "Itabidi niligawe. Nusu huku, nusu kule. Wewe utakaa stoo, uangalie chaki na mafagio mpaka upone."

Madarasa mengine yalikuwa yamejaa mpaka watoto wanaandikia magotini. Na stoo ile kila mtu aliijua. Mwalimu wa Sanaa alipelekwa humo "kwa muda" tangu enzi za mwalimu mkuu aliyetangulia, na mpaka leo alikuwa humo, amezeekea kati ya ndoo. Mwalimu Kengele akaomba kitu kimoja: aachwe na watoto wake, sauti yake ataitia kwenye tableti.

Mwalimu Mkuu alifikiri. "Haya. Nakupa wiki chache. Halafu Jumatatu moja nitakuja nikae nyuma ya darasa. Nikikuta wanasoma, baki nao. Nikikuta wanacheza, stoo."

Tableti zilikuwapo. Zilikaa katika kabati la chuma la kuchajia, zimesimama safu juu ya safu kama vyungu vya dukani, na walimu wengi walizipita kwa heshima ileile wanayozipa nyaya za umeme. Aliyezijua alikuwa dada wa mumewe, fundi wa kompyuta aliyezunguka shule hadi shule kwa pikipiki, kofia ya chuma kichwani na kompyuta mgongoni. Huyu ndiye aliyemfundisha Mwalimu kwamba hakuna haja ya kushika tableti moja moja. Aliketi na kompyuta yake, na kwenye kioo zikatokea zote kwa majina, kila moja na nukta yake ya kijani kuonyesha iko macho. Akachagua kundi la darasa la pili, akabonyeza mahali palipoandikwa "Sakinisha", na mle kabatini programu moja ikaanza kuingia kwenye tableti zote kwa pamoja.

"Sakinisha ndiyo nini?" Mwalimu aliuliza. Wakati huo bado alikuwa na ile wiki yake moja ya sauti.

"Kuweka. Ni kuweka tu, wifi yangu. Waliotafsiri walitaka waonekane wamefanya kazi."

Pale shuleni hakuna aliyemwita fundi huyo kwa jina. Mwalimu alimwita Wifi, watoto wakamwita Wifi, na mpishi wa shule, ambaye kaka yake hakuwahi kumwoa mtu yeyote, naye akamwita Wifi. Likawa jambo la kuchekesha. Siku moja Mwalimu Mkuu alimkuta Mwalimu Kengele amekaa mbele ya kabati lililofungwa, akamwuliza kwa nini tableti hazitumiki. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa ameanza kunyamaza na alivaa shingoni kibao kidogo cha kuandikia kwa chaki, akaandika: *Wifi hayupo.*

"Haipo," Mwalimu Mkuu akasahihisha. "Mtandao si mtu, mwalimu."

Mwalimu akatikisa kichwa, akaonyesha geti. Wifi alikuwa anaingia na pikipiki yake, anapiga honi.

Katika ile wiki yake ya mwisho ya sauti Mwalimu alikuwa amejifungia stoo, kwa sababu ndipo palipokuwa na utulivu. Mwalimu wa Sanaa akamtundikia mikeka na magunia kuzunguka kuta ili sauti isirudi, na humo akajirekodi kwenye tableti yake mwenyewe, ile yenye plasta nyuma. Alirekodi silabi, alirekodi hadithi alizozitunga mwenyewe kwa miaka: ya kuku aliyekataa kulala, ya chura aliyeazima mvua, ya fundi cherehani aliyeletewa oda ya suruali ya tembo. Alisoma kama anavyosoma darasani, na kila alichozoea kusema kikaingia humohumo: kikohozi cha kuanzia, "Sikiliza, na sikiliza tena," na lile karipio lake la kila siku, "Wewe wa nyuma, nakuona!"

Kwa muda alikuwa akiwachezea watoto kwa tableti hiyo moja na spika ndogo. Walijazana mezani kwake kama vifaranga, wa mbele wakasikia vizuri, wa nyuma wakasikia viwiko vya wenzao. Wakaomba kurudia, wakarudia, wakaomba tena. Lakini hiyo haikuwa kusoma. Kila mtoto alihitaji kushika yake, asikie na kufuata maneno kwa kidole. Kwa hiyo Ijumaa, ikiwa imebaki Jumamosi na Jumapili tu kabla ya Mwalimu Mkuu kuja kukaa nyuma ya darasa, Wifi alitakiwa aje azihamishe sauti zile kwenye kompyuta yake, azitie katika programu, na kuzisambaza kwenye tableti zote.

Asubuhi hiyo Mwalimu alikuwa na miadi kwa daktari. Alifungua kabati akaona aibu. Vioo vilikuwa vimejaa chaki, mafuta ya kujipaka na alama za vidole ambavyo havikuwa vimeona maji tangu juzi. Kioo kichafu hata hakisikii kidole. Akachukua kibao, akaandika kwa herufi kubwa, kwa kuwa kibao kilikuwa kidogo na yeye ana haraka: *Wifi, futa zote. Halafu weka masomo.* Akakisimamisha juu ya kabati, akaweka kitambaa safi mbele yake, akaondoka.

Aliporudi, daktari akiwa amemwambia tu "endelea kunyamaza", alimkuta Wifi kwenye chumba cha kabati amenyoosha miguu, uso ukimng'aa.

"Wifi yangu! Kazi imekwisha. Nimefuta zote kama ulivyosema. Yaani zote, hata yako. Sasa zinangoja tu masomo ya wizara. Safi kama zimetoka dukani leo."

Mwalimu akachomoa tableti ya kwanza. Chaki ilikuwa palepale. Vidole vilikuwa palepale. Akaichomoa ile yenye plasta nyuma, akaibonyeza, nayo ikamwangalia kama haijawahi kumwona maishani.

*Karibu,* ikamwambia. *Chagua lugha.*

Mdomo wake ukafunguka. Pumzi ikajaa kifua, neno likapanda, tayari lilikuwa kooni, na lingetoka kwa ukubwa wa miaka yote aliyofundisha. Wifi aliruka kutoka kwenye kiti akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiseme! Koo! Koo, wifi! Andika! Nitukane kwa kuandika!"

Mwalimu akanyakua kibao. Chaki ikavunjika kwa nguvu za mkono. *NILISEMA FUTA!*

"Si nimefuta!"

*VUMBI!*

Wifi akalitazama lile neno. Akatazama kabati. Akatazama kitambaa, ambacho kilikuwa bado kimekunjwa palepale kilipowekwa.

"Vumbi," akasema polepole. "Na hicho kitambaa…"

Mwalimu akakipigapiga kwa kidole. Ulidhani cha nini?

"Nilidhani cha kibao! Kibao si lazima kiwe na kitambaa chake? Mimi nimeona kibao, nimeona kitambaa, nimeona futa zote. Na wewe kila siku unalalamika zimejaa michezo na mapicha ya watoto wakitoa ulimi. Nikasema, haya, wifi anataka tuanze upya." Akakaa. Akasimama tena. "Kompyuta ikaniuliza, una uhakika? Nikasema ninao. Ninao kwa maandishi! Halafu wewe ndiye mwalimu wa lugha. Si ungeandika *pangusa*? Pangusa lipo, wifi. Lina ubaya gani?"

Mwalimu akafuta kibao kwa mkono wa gauni, akaandika: *Sauti zangu.*

Hapo ndipo Wifi alipoelewa. Alidhani masomo yaliyotajwa ni yale ya wizara. Alijua kuna sauti za kusambaza, lakini hakuambiwa kwamba ziko kwenye tableti ile tu; alidhani ziko salama kwenye simu, au kwa mumewe, au mahali popote pengine, na kwamba atapewa Mwalimu akirudi. Alirudi kwenye kompyuta akahangaika, akafungua hiki akafunga kile, akapiga simu kwa mwenzake akazungumza naye kwa maneno ya kazi yao, na sauti yake ilizidi kushuka. Mwishowe akafunga kompyuta.

"Ukisema futa kutoka hapa, haibakishi," alisema. "Haiachi hata unyayo. Nisamehe, wifi."

Mwalimu hakuwa na hasira tena. Hasira ingekuwa afadhali, ina joto. Alichokuwa nacho ni hesabu nyepesi sana: sauti yake ya zamani haipo tena popote duniani, na mpya hakuna anayejua kama ipo. Akajiona amekaa kati ya ndoo, Mwalimu wa Sanaa akimsogezea kigoda. Akavaa kibao chake shingoni, akaenda darasani kwa sababu kipindi kilikuwa kimefika na watoto hawakuwa wamefuta chochote.

Ijumaa ilikuwa siku ya suruali ya tembo. Walikuwa wameshajazana mezani wakingoja. Akaenda ubaoni akaandika, *Leo hakuna hadithi,* nao wakasoma kwa sauti moja, "Le-o ha-ku-na ha-di-thi," na walipoelewa walichokisoma wakaguna kama wazee waliokatiwa maji.

"Kwa nini, Mwalimu?"

Aliyeuliza ni msichana mdogo, mapengo mawili mbele, ambaye wenzake walimwita Kasuku. Mwalimu na Kasuku walikuwa na mambo yao. Zaidi ya mara moja alikuwa amemkuta amesimama juu ya dawati, mikono kiunoni, anamwigiza mwalimu wake mpaka darasa zima liko chini kwa kicheko, na zaidi ya mara moja alimtoa nje akaokote makaratasi.

*Zimefutika,* Mwalimu akaandika.

Kasuku akasoma, akakunja uso. "Zimefutika wapi? Mimi ninazo."

Na bila kungoja ruhusa akatoka kwenye msongamano, akasimama mbele, akaweka mikono kiunoni. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kilekile, kikavu, cha mara mbili na nusu, ile nusu ikimezwa. Mwalimu alishtuka, akajishika koo.

"Sikiliza," Kasuku akasema, "na sikiliza tena. Palikuwa na fundi cherehani ambaye hajawahi kukataa oda. Wewe wa nyuma, nakuona!"

Watoto wa nyuma wakakaa wima, wote, pamoja na wale ambao hawakuwa wamefanya lolote. Na hadithi ikaendelea. Kasuku alipoishiwa pumzi kwenye kupima kiuno cha tembo, mvulana wa dirishani akapokea, na yeye pia alilivuta neno "mita" kama Mwalimu, "miiita". Darasa zima likaitikia pale panapoitikiwa. Hakuna aliyebabaika. Walikuwa wameisikiliza mpaka imewaingia mifupani, na walipoitoa, ilitoka na Mwalimu ndani yake.

Mwalimu alikuwa amekaa. Hakumbuki alikaa saa ngapi. Mlangoni alisimama Wifi, kofia mkononi, macho yamemtoka.

"Wifi," akasema. "Wifi, unasikia? Hao wote wamekuhifadhi. Nami nilikuwa natafuta kwenye kompyuta!"

Mwalimu akachukua kibao. *Stoo. Sasa hivi.*

Mwalimu wa Sanaa alipoona darasa zima limejazana mlangoni kwake alidhani shule imeungua. Alipoelezwa akakimbilia mikeka yake. Wakaingia wanne wanne. Mwalimu Kengele alisimama mbele yao akiongoza kwa mikono: juu, chini, polepole, pumua. Aliposikia silabi imeliwa alinyoosha kidole wakarudia. Mtoto mmoja aliharibu chura aliyeazima mvua kwa kucheka kila alipofika "akairudisha na riba", mpaka wakaamua kicheko kibaki. Ilipofika zamu ya Kasuku, Wifi akamwambia kwamba anaweza kuruka makaripio, si lazima.

Kasuku akamtazama kwa mshangao. "Sasa nikiyaruka watajuaje ni Mwalimu?"

Safari hii Wifi alihamisha sauti kwenye kompyuta kabla hajafunga mlango wa stoo, akazinakili kwenye simu yake, na tena kwenye ya kaka yake, ambaye alikuja kuuliza chakula cha jioni kikoje akajikuta amepewa kazi. Jumamosi yote walifungua tableti moja moja, maana kila moja ilikuwa inauliza lugha na kutaka kuonyeshwa mtandao upya, na mume wa Mwalimu, asiyejua kompyuta, alipewa cheo cha kubonyeza Kiswahili. "Karibu," zilimwambia. "Asante," akazijibu, kila moja, mpaka dada yake akamwomba aache.

Jumapili Wifi aliketi kubonyeza Sakinisha. Mara ya kwanza alizichagua zote, na mtandao wa shule ukakabwa. Nukta za kijani zikawa kijivu, moja baada ya nyingine.

"Zina kiu, na mrija ni mmoja," akasema. "Tutazinywesha safu kwa safu." Safu ya juu ikaingia, ikatulia. Ya pili. Ya tatu. Mwalimu alikaa sakafuni mbele ya kabati, na kila safu iliyopata aliichomoa, akaipulizia pumzi kioo, akakifuta kwa kile kitambaa. Moja iligoma kabisa mpaka Wifi akaizima na kuiwasha huku akiisema vibaya. Ilikuwa ile yenye plasta.

Jumatatu Mwalimu Mkuu aliingia, akapewa dawati la nyuma, magoti yakamfika kidevuni. Kasuku akampelekea tableti na vipokea sauti. Mwalimu Kengele akaandika ubaoni kichwa cha hadithi, akapiga kofi moja, na darasa likanyamaza, kila mtoto na kidole chake juu ya mstari. Kwenye kila kioo palikuwa na picha ya tembo amesimama juu ya kigoda, fundi amepanda ngazi na futi mkononi. Mwalimu wa Sanaa alikuwa ameichora Jumamosi, akaomba wamruhusu achore na nyingine.

Mwalimu alimtazama Mwalimu Mkuu akisikiliza. Uso haukusema kitu. Akapiga miayo kidogo, akaegemea ukuta, akaanza kutazama nje dirishani. Ghafla akaruka, akakaa wima, mikono juu ya dawati, miguu pamoja. Akageuza shingo kuangalia nani amemwona.

Mwalimu akauma mdomo.

Baadaye Mwalimu Mkuu alinyanyuka, akaenda ubaoni, akaandika sentensi ambayo haikuwa katika hadithi yoyote: *Baba yangu alinunua kofia ya kijani.* Akamwita mvulana mmoja kutoka nyuma kabisa, wa wale waliokuwa wakisikia viwiko tu. Mvulana akasimama, akakohoa mara mbili na nusu, akasoma. Alikwama kwenye "alinunua", akarudi mwanzo, akalipita.

Mwalimu Mkuu akarudisha chaki mahali pake. "Kikohozi nacho mmekisakinisha?" akauliza. Kisha, kwa sauti ndogo, "Baki nao, mwalimu. Na huyo aliyechora tembo ni nani?"

*Yuko stoo,* Mwalimu akaandika.

"Aa." Akasimama mlangoni akifikiri. "Bado yuko?" Na viatu vyake vikasikika vikielekea upande huo.

Wifi alikuja mchana, akakuta tableti zimerudi kabatini, vioo vimejaa vidole upya. Akavua kofia. "Wifi yangu, naona zimechafuka. Nizifute?"

Mwalimu Kengele alicheka kicheko cha mabega tu, machozi yakimtoka, asitoe hata mlio. Akakichukua kibao, akaandika kwa herufi zilizokijaza chote, akakitundika kwenye mlango wa kabati ambako kinaning'inia mpaka leo, ijapokuwa ilimlazimu kununua kingine cha shingoni:

*PANGUSA.*